Mkwilima wa Kamati ya Taaluma

Kwa miaka kumi na minne Boaz alikuwa mkuu wa Idara ya Jiografia katika chuo kikuu kishiriki kimoja mjini Shinyanga, na kwa miaka yote hiyo kazi aliyoifanya kwa moyo ilikuwa moja tu, kupanga ratiba. Vipindi vyake vyote aliviweka Jumatatu na Jumanne. Jumatano alfajiri alikuwa kwenye basi la Geita, alikokuwa na hisa katika duara, shimo la wachimbaji wadogo, lililokuwa likimwahidi dhahabu tangu wanawe wakiwa chekechea. Dhahabu haikutoka. Matope ndiyo yaliyotoka, na mkewe Juliana ndiye aliyeyafua.

Juliana naye alikuwa mhadhiri katika idara hiyo hiyo. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, pamoja na wanafunzi waliokuja kuuliza Dokta Boaz yuko wapi. Boaz hakuwa dokta. Aliwaacha waseme, maana aliona vibaya kuwavunja moyo vijana.

Mambo yaliharibika Melania alipoteuliwa kuwa Rasi, yaani mkuu wa chuo kizima, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Dk. Melania hakuwa mtu wa mbali. Ni mdogo wake mama mzazi wa Juliana, na Boaz alikuwa amekula nyumbani kwake Tinde mara zisizohesabika. Wiki ya pili ofisini akatangaza pendekezo atakalolipeleka kwenye Kamati ya Taaluma: wakuu wa idara wachaguliwe na walimu wenyewe, kwa kura ya siri, kila baada ya miaka mitatu. Boaz hakuhitaji kufafanuliwa. Bila ukuu hapangi ratiba, na bila ratiba haendi Geita.

Hapo ndipo mila zilipompanda kichwani. Mtu aliyekuwa anasinzia kwenye vikao vya ukoo aliandika barua ya kurasa mbili, akieleza kwamba kwa Wasukuma mkwilima, yaani mume wa binti, haketi chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hali mbele yake. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, hataweza kukaa kwenye kikao chochote kinachoongozwa na Rasi.

Juliana aliisoma barua hiyo mezani kwao Ngokolo.

"Krismasi si ulikula kuku wa mama mdogo, tena ukaomba firigisi?"

"Wakati ule alikuwa mama mdogo. Sasa ni Rasi."

"Kwa hiyo unayemwogopa ni mkwe au ni Rasi?"

Boaz alifungua redio.

Ukwe, kumbe, unaambukiza. Eustace wa Historia alikumbuka kwamba babu wa mkewe aliwahi kuishi jirani na ukoo wa Rasi. Salmini wa Uhasibu, mzaliwa wa Tanga asiyejua hata salamu ya Kisukuma, alisema aliwahi kuposa Tinde, na ingawa posa ilikataliwa, heshima haifutiki. Ndani ya mwezi mmoja Rasi alikuwa amepata wakwilima watano, wote wakuu wa idara, wote wenye ratiba nzuri. Enzi za marasi wanaume waliotangulia, hakuna hata mmoja wa hao watano aliyewahi kukumbwa na mila.

Njama yao ilikuwa nyepesi. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na wao watano wasingeweza kushinda kwa kura. Lakini akidi ilikuwa wajumbe wanane. Wakitoka watano wanabaki sita, kikao kinakufa, na pendekezo linakufa nacho.

Siku ya kikao walifika mapema, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakaketi. Rasi alipofungua kikao tu, Boaz alisimama, macho sakafuni.

"Shikamoo, mama. Mila inanitoa."

"Marahaba, mkwilima. Nenda salama," Melania alisema kwa upole. "Mimi ni nani nikuvunjie heshima?"

Wengine wanne wakamfuata, Salmini akiwa na huzuni kuliko wote. Walijipanga barazani, wakaagiza sahani zao za pilau ziletwe huko huko, na Boaz akawasimulia habari za duara lake mpaka wakacheka machozi. Aliona ameupiga mwingi.

Saa tisa Bi. Swaumu, katibu wa kikao, alitoka na faili kwapani. "Kikao kimekwisha. Pendekezo limepita kwa kura sita, hakuna aliyepinga."

"Sita?" Boaz aliweka sahani chini. "Akidi je?"

"Ilitimia, wajumbe wote kumi na mmoja. Kanuni inahesabu waliosaini wakati wa kufungua, na nyote mmesaini."

Wakatazamana. Posho ya kikao hulipwa kwa aliyesaini, na katika wiki tatu za kula njama hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kwamba mtu anaweza kususia kikao pamoja na posho yake. Wasomi watano, shahada kumi na mbili kati yao.

Kura ya idara ilipigwa baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Boaz alionekana chuoni Alhamisi. Aliwanunulia wenzake soda, akawauliza habari za watoto ambao majina yao hakuyajua. Walimu walikuwa tisa. Juliana, ambaye wenzake walimpendekeza naye akakubali, alipata kura saba. Boaz alipata mbili.

Jioni, nyumbani, aliumia kweli. Alizungukazunguka sebuleni, akakaa, akasimama. Kitu kimoja tu kilimfariji. Kura yake mwenyewe aliijua, lakini ile ya pili ilikuwa ya mtu, mtu mmoja chuo kizima aliyeona thamani ya miaka kumi na minne. Alimtaja Sabiti, akamtaja Klara, wote walimu wa idarani, akasema akimjua atamshukuru ana kwa ana.

Juliana alikuwa mezani na rula na penseli, anachora ratiba mpya.

"Ile ya pili ni yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Nilikuonea huruma. Halafu Jumatano saa moja asubuhi una mwaka wa kwanza, usichelewe."