Maua Niliyopeleka Kuposa Nshamba

Jamani, aibu hii nimeibeba miaka mingi, leo acha niitue tu mcheke.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mimi, mwalimu kijana wa Kitendaguro, nilijiona mtu wa kisasa kuliko wote, kwa hiyo siku tuliyokwenda Nshamba kumposa Kokushubira, mimi na baba mdogo ambaye ndiye mshenga, nikaona kando ya njia maua ya zambarau mazuri ajabu, nikakumbuka picha gazetini ya Mzungu akimpa mchumba wake maua, nikashuka bondeni, nikayang'oa, nikayaficha ndani ya koti. (Ningeyakata kwa kisu ningepona. Niliyavuta.)

Kila Mhaya anayajua maua yale, isipokuwa mimi siku ile. Chini, udongoni, yana matunguu kama viazi vidogo, na ndiyo watu huchemsha mwaka ambao migomba imegoma. Sasa ukweni mtu hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, haendi na chakula cha njaa kwapani! Tena mchuuzi mmoja mwenye baiskeli alikuwa ameshatangulia kumtaka Koku.

Basi nikapiga magoti kumsalimu baba yake, Ta Rwegasira, koti likafunguka, matunguu yakamwagika na udongo wake kwenye nyasi mpya zilizotandikwa sebuleni.

Baba mdogo akajifunika uso kwa kofia.

"Mwalimu," mzee akauliza taratibu, "umekuja kutuambia kwamba kwako binti yangu atakula haya?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema, "Hapana waitu, mzee wangu, ni kitafunio changu cha njiani," nikaokota moja nikalitafuna bichi, ulimi ukaniwasha hadi machozi yakanitoka mbele ya wakwe!

Ndipo bibi yake Koku akaangua kicheko, akashika mbavu. "Rwegasira mwanangu, wewe nilikunyonyesha nimeshiba hayo hayo. Yule mwingine, mvua ikikataa, watakula baiskeli? Huyu anajua kuchimba. Mpe mke!" (Sikujua kuchimba. Nilinyamaza.)

Akayakusanya, akayachemsha mwenyewe, na Ta Rwegasira akala hadi akalamba vidole.

Nikarudi Kitendaguro mshindi, nimekubaliwa, ulimi umevimba hata kujisifu siwezi. Nikaapa sitapeleka tena maua ukweni. Kwa Koku ni jambo jingine: akininunia nachukua jembe nashuka bondeni, na hajawahi kubaki na kinyongo hadi chungu kichemke.