Watu wa Ruzuku Wamefika Izia

Jamani, leo neno moja limeniponza.

Kikundi chetu cha ngoma kimeomba ruzuku kwa shirika linalofadhili sanaa. Mgeni wao alikuwa anakuja kututazama, nikatangaza mtaani kwetu Izia: "Njooni wote, watu wa ruzuku wanakuja!"

Uwanja ukafurika. Wengine na baiskeli na kamba za kufungia mzigo. Sikushtuka.

Tukacheza. Mgeni kafurahi, kawauliza watazamaji: "Tuwasaidie nini?"

Uwanja mzima: "Mbolea!"

Kumbe! Kwa mkulima wa huku, ruzuku ni mbolea ya bei nafuu.

Nikadakia: "Wanamaanisha sanaa ni mbolea ya jamii."

Mgeni akapiga makofi, akaondoka.

Jirani yangu Mama Chola hajaondoka. "Mwanangu, ngoma tumeangalia mpaka mwisho. Mifuko inashushwa wapi?"

Nimjibuje?