Wabeja na Kasoro Yake

Asubuhi ile ya Jumatatu Nestory alimaliza chai yake, akafuta mdomo, akamtazama mkewe na kusema, "Wabeja, mama Rose. Chai nzuri sana."

Eugenia alikuwa barazani, ameinamia cherehani, anashona sare za shule. Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa mume huyu hakuwahi kumshukuru kwa chai. Hakuwa mkorofi. Alikuwa Msukuma mpole, karani wa ghala la pamba, mtu wa kula, kuinuka na kwenda zake. Eugenia, Mhaya wa Kamachumu aliyeletwa Pasiansi, Mwanza, na ndoa, alikwisha kuzoea kwamba sahani tupu ndiyo asante yenyewe. Shukrani za mdomoni zilikuwa za wageni. Leo amezitoa, tena kwa Kisukuma, lugha ambayo humo ndani aliisema akiwa na homa tu.

"Wabeja ya nini?" aliuliza.

"Ya chai."

Nestory akavaa viatu akaondoka. Wabeja ni asante tu, neno ambalo Mwanza nzima hulisema kutwa mara ishirini, na Eugenia asingeshtuka kama asingelisikia miezi mitatu nyuma kwenye msiba wa Pius.

Pius alifanya kazi ghala moja na Nestory. Ilikuwa ile miaka ya tisini katikati, mashirika yanauzwa, mengine yanafungwa, na karatasi inayobandikwa mlangoni yenye majina ya wanaopunguzwa kazi watu waliiita orodha, kama vile duniani hakuna orodha nyingine. Jina la Pius lilikuwamo kwenye orodha ya kwanza. Hakugombana na mtu. Alirudisha jembe la jirani, akatengeneza mlango wa jiko, akala ugali, akamwambia mkewe wabeja, kisha akateremka ziwani na hakurudi kwa miguu yake. Mkewe, Paskazia, alikaa mkekani siku tatu akirudia jambo lile lile: "Aliniambia wabeja. Kwa ugali tu. Na mimi nikamcheka." Eugenia alikuwa ameketi ubavuni pake, na maneno hayo yalimwingia yakakaa. Sasa orodha ya pili ilikuwa inasubiriwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumanne Nestory alikwenda kwa mzee Nkwabi, jirani ambaye walikuwa hawasalimiani naye kwa miaka miwili kwa sababu ya uzio wa minyaa, akarudi anatabasamu.

"Nimemwomba msamaha," alisema.

"Kwani wewe ndiye uliyekosa?"

"Hapana. Nimechoka kuubeba ule ugomvi moyoni."

Jumatano alitengeneza mlango wa jiko. Ni mlango aliouahidi tangu binti yao Rose yuko darasa la nne, na sasa Rose alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Eugenia alisikiliza nyundo ile akiwa amekaa jikoni, na kila pigo lilimkumbusha mlango wa Paskazia. Alhamisi Nestory aliandika barua kwa Rose, akaiacha mezani bila kuifunga. Baba ambaye barua zake zilikuwa na mstari mmoja wa kuulizia hesabu, safari hii aliandika kwamba anajivunia mwanawe, na kwamba anamwomba asisahau hivyo.

Eugenia aliogopa kumuuliza. Wanaosema Wahaya hawana neno linalobaki tumboni hawajamwona Mhaya mwenye hofu. Aliona kuuliza ni kama kumpa mtu wazo ambalo labda hakuwa nalo. Badala yake alimpikia vizuri, akamhesabia hatua, na akaificha kamba ya kuanikia nguo uvunguni mwa kitanda. Nguo zikawa zinaanikwa juu ya minyaa. Jioni Nestory akauliza kamba iko wapi, na swali hilo peke yake likamkatisha Eugenia hamu ya kula.

"Imeoza," alisema. "Nimeitupa."

Halafu kulikuwa na ile njia. Wiki nzima Nestory alitoka nusu saa mapema kuliko kawaida, na akifika kwenye njia panda alishika njia ya ziwani, si ya ghalani.

Ijumaa, mume akiwa ametoka dakika chache tu, Eugenia alitandika kitanda na mkono wake ukagusa kitu chini ya godoro. Kilikuwa kijitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimechanika, kimefunikwa kwa gazeti. Kilifunguka penyewe mahali palipopigwa mstari kwa kalamu nyekundu. *Ishi leo kama vile ni siku yako ya mwisho. Washukuru wanaokupenda. Omba msamaha. Maliza kazi uliyoiahirisha. Waambie watoto wako neno jema. Kisha nenda penye maji, ukaache huko mizigo yako yote.* Pembeni, kwa mkono wa karani asiyeruka kitu, kulikuwa na alama za vema. Kila sentensi ilikuwa na yake isipokuwa ya mwisho.

Eugenia hakufunga nyumba. Alikimbia na futi yake ya kupimia ingali shingoni na kijitabu mkononi, akawapita wanawake waliokuwa wanafua ufukoni bila kuwaamkia, akapanda mawe kwa mikono na magoti. Juu ya jiwe kubwa aliona viatu vya Nestory vimepangwa pamoja, na ndani ya kiatu kimoja saa yake ya mkononi. Mwenyewe hakuwapo.

"Nestory!"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Rose azaliwe.

"Naam," sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa jiwe.

Alikuwa amekaa, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya maji. Eugenia alimshika ukosi wa shati akamvuta kama anayemtoa mtoto barabarani, kisha akakaa chini na kulia kwa sauti, hata wale wanawake wakaacha kufua.

"Mama Rose, kuna nini?"

Alimtupia kijitabu kifuani. Nestory akakitazama, akamtazama yeye, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Hiki ni kitabu cha furaha," alisema kwa aibu. "Nilikinunua Makoroboi, kwa wale wanaotandaza vitabu kwenye magunia. Kina masomo kumi na mawili. Hili ni la tano."

"Cha furaha," alirudia Eugenia. "Na Pius naye alikuwa anasoma cha furaha?"

Nestory alikifunga kijitabu. "Pius alipokufa sikulala wiki nzima. Si huzuni tu. Niliogopa kwa sababu nilimwelewa. Ndiyo maana nikakitafuta."

"Na kinakusaidia?"

"Siku nyingine. Huku majini nimekuja wiki nzima, na mizigo bado haijanitoka. Ile chai nilikuwa naimeza tu, mama Rose. Jumatatu ndiyo niliionja."

Eugenia alifuta uso kwa kanga. Hasira ilikuwa bado imo, na ilimfaa. "Basi sikiliza, baba Rose. Mimi usinishukuru namna hiyo. Pius aliaga kwa sifa tupu. Wewe ukiniambia wabeja, weka na kasoro, nijue kesho unataka kula tena. Na toa miguu humo, utapata kichocho."

Nestory akatoa miguu. Kisha akaandika neno la mkewe pembeni ya ukurasa, kama somo la kumi na tatu.

Ikawa hivyo. Wabeja, ila sukari kidogo. Wabeja, ila maharage yana mawe. Eugenia naye alikisoma kijitabu chote na kukiona kina upuuzi mwingi, hasa pale pa kujitabasamia kwenye kioo, ila alianza kugundua kwamba tangu asubuhi anaingoja ile kasoro ya siku, na ikifika inampendeza. Hata hivyo kamba aliiacha uvunguni.

Orodha ilibandikwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Habari zilimtangulia mwenyewe: mzee Nkwabi alisimama kwenye minyaa na kusema polepole, "Jina lake limo, mama." Nestory alifika saa saba. Alikaa, akala ugali na sato. Akanawa. Eugenia alikaa mbele yake, cherehani imenyamaza.

"Wabeja, mama Rose," alisema.

Eugenia akangoja. Nestory aliutazama mlango wa jiko alioutengeneza, akainuka, akavaa kiatu kimoja, kisha cha pili, akafunga kamba zake bila haraka. Eugenia hakuweza kumkumbusha, kwa kuwa kasoro ya kuombwa isingekuwa na maana yoyote. Alimwona anafika kizingitini.

Hapo Nestory akageuka.

"Ila samaki ana chumvi nyingi. Kesho upunguze."

Samaki yule hakutiwa chumvi kabisa. Tangu mzee Nkwabi aseme alichosema, Eugenia alikuwa amepika bila kujua anafanya nini, na mtu yeyote mwenye ulimi angelijua hilo kwa tonge la kwanza.

"Nitapunguza," alisema.

Kisha akaingia chumbani, akaivuta ile kamba kutoka uvunguni, akatoka nayo uani na kuifunga mahali pake.