Kichwa cha Jemadari

Tulikuwa tunaelekeza wateja kwenye duka kubwa la Al Sadd, mimi na rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja kwenye makazi ya wafanyakazi wageni kule Al Wukair, wakati kikundi cha Wachina kilipoleta vikaragosi vyao. Vimekatwa kwa ngozi ya punda, vikapakwa rangi hadi mwanga unavipenya. Unavishika kwa vijiti nyuma ya pazia jeupe lenye taa, na watu wa mbele wanaona vivuli vya rangi vikipigana.

Mzee wao, tuliyemwita Babu, alipungukiwa na msaidizi, akatujaribu sisi wawili. Mimi ndiye niliyeota jukwaa tangu darasa la tano. Lakini vijiti vilinitetemekea mkononi, yule jemadari wa ngozi akatembea kama amekanyaga makaa. Rafiki yangu, aliyeikimbia hata kwaya ya kanisa, akamtembeza vizuri kabisa. Akapewa jemadari. Mimi nikapewa sanduku.

Kazi ya sanduku ni kuchomoa vichwa vyote onyesho likiisha na kuvifunga mbali na miili, kisha kesho kuvipachika tena. Babu alitueleza kwa ishara na Kiingereza chake kidogo kwamba kikaragosi kikilala na kichwa chake kitaamka kijiendee zake. Niliipenda sana hadithi hiyo. Ila kwenye basi la kampuni aliyesikilizwa alikuwa rafiki yangu, akisimulia makofi aliyopigiwa na watoto. Nilicheka na wenzangu huku roho ikiniuma vibaya.

Siku ya nne nikatia kichwa cha jemadari mfukoni.

Zamu ya jemadari ilipofika, rafiki yangu akanyoosha mkono bila kuangalia, kama kawaida yake, nami nikampa mwili mtupu. Akauinua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nilingoja anigeukie kwa hasira. Alinigeukia machozi yakimlenga, vijiti vikitetemeka kama vilivyonitetemekea mimi.

“Dada, nimekiangusha kichwa,” akaninong'oneza. “Babu atanitoa. Nisaidie kutafuta.”

Hata hakunishuku. Nikakitoa mfukoni, nikapitisha mkono kwenye mwanga, nikakipachika. Watoto walishangilia kuliko siku zote. Walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Babu akapiga upatu wake kwa furaha, na baadaye akaonyesha kwa vidole: kesho hivyo hivyo.

Kwenye basi rafiki yangu aliniuliza nilikipata wapi kile kichwa. Nikamwambia ukweli. Akageukia dirisha.

“Ungeniomba tu,” akasema. “Ningekuachia jemadari hata siku moja.”

Siku zilizobaki mkono wangu uliingia kwenye mwanga mara moja kwa kila onyesho, ukapachika kichwa, ukatoka. Makofi yalilipuka hapo hapo. Kisha jemadari akaondoka mkononi mwa rafiki yangu, akitembea vizuri, nami nikabaki na sanduku, nikimwonea wivu vile vile, ila sasa kwa aibu.