Kitu cha Mwisho Kuharibika

Iko siku moja ya Beni ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Imenirudia juzi, uliponionyesha ile karatasi ya kupima kiwanda chenu cha sabuni hapa Bulengera. Kila swali umejibu "vizuri sana".

Shule niliiacha mapema. Nikachimba dhahabu Manguredjipa, nikabeba viazi Masereka, mwisho Mzee Paluku akanipa kutunza ghala lake la kakao huko Beni. Mnunuzi mkubwa wa Butembo alitafuta ghala moja tu la kununulia, akatuma mama mmoja mwenye daftari aje atupime. Tusipochaguliwa, wanawake wanaochambua kakao wangerudi nyumbani bila kazi.

Mimi, kwa kupenda kujua kila kitu, nilishayasikia maswali yake kwa jirani: kiongozi anaongozaje, wafanyakazi wanajifunza nini, mteja akilalamika nani anamsikiliza. Nikawafundisha wale wanawake jibu moja: hakuna tatizo.

Mgeni alilisikia jibu hilo mara nne, akafunga daftari.

"Donc, basi, kitu gani iliharibika hapa mara ya mwisho? Na nani alisema wa kwanza?"

Nikamkazia macho Mama Masika, mchambuzi mzee kuliko wote, asithubutu.

"Njo mimi nilisema," akasema. "Bashi, ile turubai ya kuanikia, ilipasuka, mvua ikaingia, kakao ikaota ukungu. Nikamwambia patron, Mzee Paluku. Kesho yake akaleta bashi ingine, na ile kakao akaitupa, akasema hapana kuchanganya." Kisha akanigeukia. "Na wewe, acha kunitolea macho. Unataka tuonekane batu hawafanyi kazi, hata kitu hakiharibiki?"

Wenzake wakacheka. Mgeni akafungua daftari, akaandika kwa muda mrefu. Tulichaguliwa.

Nimezunguka kazi nyingi tangu hapo, na ghala lile bado nalistahi. Mchambuzi alisema, bosi akasikia, kesho yake kazi ikabadilika. Hata daftari nililoliogopa nimekuja kuliheshimu. Lilikuwa likitafuta kitu ambacho Mzee Paluku alikuwa nacho siku zote, nami ndiye niliyekificha.

Basi, mwanangu, karatasi hiyo usiijaze peke yako. Waite wanaokoroga sabuni, waulize nini kimeharibika, uandike walichosema na mlichorekebisha. Ambacho hamjarekebisha, kiandike pia, halafu kesho muanze nacho. Mungu aibariki mikono yenu, na akujalie wafanyakazi wasioogopa macho yako.