Nilichoma Uzi wa Kanga ya Mama Mkwe

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni kata ya Mtunda, Kibiti. Wenyewe wakisoma watanijua hata hivyo. Nina miaka thelathini na moja na mtoto mmoja wa kike, ana miaka minne. Mume na mtoto wako kwao Salale, huko deltani, mimi niko kwa mama yangu.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Tangu mchanga viwiko na nyuma ya magoti vinawasha, anajikuna mpaka damu. Daktari alinipa mafuta ya kupaka, akaniambia, "Mama, mvalishe pamba tupu. Nailoni na poliesta zinamfungia jasho." Basi nikalishika hilo neno kwa ubishi wangu wote. Magauni yake ya kumetameta niliyagawa. Nikahubiri mpaka kwenye shughuli za watu. Wavuvi wa kamba wa ukweni niliwaambia hayo matambara yanayonasa kwenye mizizi ya mikoko na kupanda na nyavu zao ndiyo nailoni yenyewe, haiozi. Walinicheka. Wifi yangu akaanza kuniita Bibi Pamba.

Sasa muuza mtumba atakuapia kila nguo ni pamba. Fundi cherehani mmoja wa Nyamwage akanifundisha: chomoa uzi pembeni, uwashe. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inaacha jivu. Nailoni inayeyuka, inabaki kidonge kigumu. Nikawa natembea na kiberiti.

Mwaka jana baada ya Idi tulikwenda Salale. Kanga zangu zote zililowa kwenye boti, na mtoto alikuwa hoi kwa kujikuna. Mama mkwe akavua kanga ya mabegani mwake, akasema, "Shika mwanangu, mfunike na hii, laini." Nikasema asante. Kisha mimi huyu huyu, mjinga, nikaenda nyuma ya jiko nikachomoa uzi na kuuwasha. Kumbe wifi ananitazama. "We wifi, unachoma nini cha mama?" Nikamweleza. Akasema, "Haya," akaondoka. Ile kanga ilikuwa pamba tupu.

Wiki ya tatu baada ya sisi kurudi, mama mkwe akaanguka uani, upande wa kulia ukapooza. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na dawa anakunywa siku akikumbuka. Lakini nani anataka kusikia habari za presha wakati yupo mkamwana aliyeonekana akichoma nguo ya mgonjwa? Mume wangu, aliyeniona nikichoma nyuzi sokoni mara ngapi sijui, aliniuliza bila kuniangalia, "Kwa nini ya mama?" Nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Akasema, "Mama kampa mjukuu wake kanga, wewe ukaipima kama ya muuza mtumba." Hilo linaniuma kuliko kuitwa mchawi, kwa sababu ni kweli. Akambeba mtoto, akaenda kumuuguza mama yake.

Nimewafuata mara mbili, nimezuiwa hata kabla sijafika mlangoni. Mwanangu nilimwona kwa mbali, kavalishwa gauni la satini, mikono yote miwili iko shingoni anajikuna. Nguo zake za pamba nilizopeleka, wifi kazirudisha, eti hawapokei kitu kilichopita mikononi mwangu. Shehe wa msikiti wetu kaenda kuwasihi, wakamnywesha chai, wakamuaga vizuri.

Sasa wameleta masharti. Niende kwa mganga nikanyolewe kichwa mbele ya ukoo, niseme nilimroga, ndipo nipewe mtoto. Mama yangu anasema, "Ukinyolewa umekiri. Utakuwa mchawi mpaka kaburini, na huyo mwanao ni mtoto wa mchawi. Nani atamuoa?" Na mama mkwe, aliyenipa kanga yake kwa moyo mweupe, hawezi kunitetea hata kama angetaka. Ulimi hauinuki.

Wananisubiri Ijumaa. Msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia. Leo asubuhi nimefumua misuko yote, na mama yangu amekataa kula. Ndugu zangu mnaosoma, nikanyolewe, au nimwache mwanangu?