Mtumbwi Tuliouficha Chini ya Maji

Mwaka jana nilirudi Kisangani, na kijana wa mtumbwi wa mota akanipa koti la kuelea, akanionyesha ubao wa katikati. "Mama, ukaye hapa. Usiogope." Nilicheka mpaka abiria wenzangu wakageuka. Kuniambia mimi nisiuogope mto ule! Nilivaa koti lake, nikakaa aliponionyesha, maana alikuwa kijana mwenye adabu na alikuwa anafanya kazi yake. Lakini wewe nitakusimulia, kwa sababu yeye asingenisikia kwa kelele za injini.

Nilizaliwa Lubunga, ukingo wa kushoto, ambako ukifungua mlango asubuhi unauona mji wote ng'ambo na huwezi kuufikia bila kuvuka. Bibi yangu, aliyemzaa papa, yaani baba yangu, alikuwa mtu wa mto. Alipanda na kushuka na mtumbwi wake akiuza samaki wa moshi, na mimi nilianza kupiga kafi kabla sijajua kusoma. Alfajiri alinilisha lituma, ndizi na muhogo vilivyopondwa pamoja, donge zito linalokaa tumboni hadi jioni, kisha tunasukuma mtumbwi. Alinifundisha kwamba mto ule hauvukwi kwa kunyoosha. Unapanda kwanza ukiambaa na ukingo, pale maji yalipolegea, unapita mbali kuliko unakokwenda, ndipo unageuza pua na kuuacha mkondo ukuteremshe huku unapiga kafi. Anayekaa nyuma ndiye anayeongoza. Nitajisifu kidogo, univumilie: katika rika langu hapakuwa na aliyekaa nyuma vizuri kama mimi, wavulana wakiwamo.

Mama yangu alikuwa kitu kingine. Alitoka Yahuma, kwa watu wa mashamba, na miaka yote aliyoishi kando ya mto hakuwahi kutia mguu kwenye mtumbwi. Alivuka kwa kivuko tu, kile chombo kikubwa cha chuma kinachobeba magari, na kama kimeharibika alingoja hata nusu siku, akikalia beseni lake. Bibi alikuwa akipita chini yake na mtumbwi, anamtania kwamba atazeekea pale. Hawakugombana, lakini hawakuwa na mengi ya kuambiana.

Kisha vita ikaingia mjini. Mama alikuwa amevuka kwenda kujifungua, akabaki ng'ambo, Kabondo, kwa dada yake na mtoto mchanga. Papa alikuwa amekwama Kindu kikazi. Mabomu yalipoanza kuanguka, sisi Lubunga tuliona moshi juu ya mapaa na kusikia milio, na kivuko kikasimama. Wanajeshi wakaanza kuchukua mitumbwi ya watu. Hapo ndipo watu wa mto walipofanya wanalolijua wao: waliizamisha. Unaingiza mtumbwi kwenye kijito chenye vichaka, unaujaza mawe na maji, nao unakaa chini na hakuna anayeuona. Bibi alizamisha wa kwetu, akachomeka kijiti pembeni yake kama alama.

Milio ilipotulia, jirani yetu mvuvi, ambaye alikuwa amethubutu kuutumia wa kwake, alirudi kutoka ng'ambo na habari. Mama alikuwa hai. Nyumba ya dada yake ilikuwa imetobolewa paa, chakula kimekwisha, maziwa yalikuwa yanamkaukia, na kila mtu mjini alikuwa anasema mapigano yataanza tena. Jirani alikuwa amemsihi apande aje naye. Mama alikataa. Alisema atangoja kivuko.

Nilidhani bibi atacheka kama kawaida yake, lakini alimwambia jirani, "Ukirudia kule, umuambie hivi: kesho asubui mutoto yake iko nakuya kumuchukua. Angoje pale ukingoni, chini ya soko."

Jirani alivuka tena jioni ile ile na kuufikisha ujumbe. Aliporudi, wanajeshi walikuwa wanamsubiri, wakauchukua mtumbwi wake. Ulibaki wetu tu, nao ulikuwa chini ya maji.

Asubuhi tulikwenda kijitoni na kijiti hakikuwepo. Mto ulikuwa umepanda kwa usiku ule mmoja, maji ya kahawia yamefunika vichaka, na sisi watu wa mto tukawa tumepotelewa na mtumbwi wetu wenyewe majini. Sasa nacheka, siku ile sikucheka. Bibi alivuta kitenge hadi magotini, akaingia, akaanza kupapasa kwa nyayo. Nikaingia naye. Maji yalinifika kifuani, baadaye shingoni, na nilikuwa namwona mama amesimama chini ya soko na mtoto, anangoja, hakuna anayekuja. Nililia huku natafuta. Mguu wangu ndio uliogusa ukingo wa mti laini, na niliujua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeukalia maisha yangu yote.

Tulitoa mawe moja moja kwa kuzamia. Tuliusukuma mtumbwi mbele na nyuma, mbele na nyuma, maji yaruke nje, kisha tukamalizia kwa kopo. Uliibuka, lakini mti uliolala majini hunywa maji, na wetu ulikuwa umekunywa vya kutosha. Ulielea chini sana. Bibi aliutazama, akaenda kukaa mbele.

"Weye kaa nyuma," akaniambia. "Miti iko nashuka na mayi. Mimi nitaangalia."

Tulipanda tukiambaa na ukingo, tukageuza pua, tukavuka. Magogo yalipita, na visiwa vya magugu, na bibi alinionyesha kwa kafi tu: kulia, kushoto, ngoja. Mama alikuwa pale chini ya soko. Alikuwa amekonda, amemfunga mtoto kifuani, na alipoona nani yuko nyuma alishika mdomo.

"Koko, unamukalisha mutoto nyuma?" akamuuliza bibi, ambaye sote tulimwita koko.

"Na kurudia pia atakaa nyuma," bibi akasema. "Ukiwa ndani, ukiwa inje, yeye atarudia. Donc basi, unachagua."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Bibi alijua kwamba mama asingepanda kwa ajili ya nafsi yake. Angekaa pale afe njaa. Lakini kuniacha nivuke mto ule bila yeye, hilo hakuliweza. Alipanda akitetemeka hadi mtumbwi ukatetemeka, na bibi akamkalisha akiipa mgongo safari, uso kwangu.

"Usiangalie mayi. Angalia mutoto yako."

Na mama akaniangalia. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa juu ya maji kwa upana wa kiganja, gogo moja lilitupita karibu hadi nikasikia likikwaruza, maji yakaingia miguuni mwetu, mama hakugeuza macho. Mimi nikipumua, yeye anapumua. Nilikuwa mtoto, mikono inaniwaka, lakini nakuambia bila haya kwamba sikuogopa. Mtu anayetazamwa vile hana nafasi ya kuogopa. Tulifika Lubunga mchana, na milio ikaanza tena ng'ambo kabla hatujamaliza kula.

Bibi alikufa vita ilipokwisha. Mtumbwi ulioza. Wasichana wa Lubunga leo hawapigi kafi, wanapanda mitumbwi ya mota, na siwalaumu, hata mimi ningepanda. Mama alirudi kwenye kivuko chake kilipotengenezwa, akakingoja nusu siku kama zamani, hadi naye akamfuata bibi.

Nimeolewa na mtu anayenipenda. Nimezaa, nimefundisha shule, watu wananisalimia kwa heshima. Lakini tangu mama aende, hakuna tena mtu duniani aliyewahi kuushika uso wangu kwa macho kama mtu anavyoshika kamba ya kumwokoa, mtoto mchanga kifuani, mto mzima, ukingo hadi ukingo.